Dar–Moro, Moro–Dar: kufuta mistari pacha kwenye jedwali

ASHA: Karibuni tena. Leo tuna jedwali lililomkesha mwenzangu wiki nzima. Kaka Juma, lilikuwa la nini?

JUMA: La umbali wa miji kwenye hifadhidata, dada. Safu tatu tu: kutoka, kwenda, kilomita. Mmoja aliingiza Dar es Salaam–Morogoro, mwingine akaja akaingiza Morogoro–Dar es Salaam. Barabara ni ileile, kama kilomita 190, ila ripoti ikijumlisha inaihesabu mara mbili.

ASHA: Na DISTINCT, lile neno la SQL, lugha ya hifadhidata, linaloondoa mistari inayofanana, haigusi kitu hapo.

JUMA: Haigusi. Inalinganisha kutoka na kutoka, kwenda na kwenda. Kwake hiyo ni mistari miwili tofauti kabisa.

ASHA: Ukafanyaje?

JUMA: Mara ya kwanza niliharibu. Niliandika hivi:

DELETE FROM umbali WHERE kutoka > kwenda;

Niliwaza kwamba D iko kabla ya M, basi ubaki unaoanza na Dar, uliogeuka ufutwe. Pacha ziliisha kweli. Lakini Tanga–Arusha nayo ikaondoka, na Arusha–Tanga haikuwahi kuingizwa.

ASHA: Maana T iko nyuma ya A, sharti likaukamata mstari usio na mwenzake.

JUMA: Ndiyo hivyo. Njia pekee kati ya miji hiyo miwili imefutika na mfumo haukulalamika. Iliniuma sana. Amri sahihi inamtafuta kwanza huyo mwenzake:

DELETE FROM umbali
WHERE kutoka > kwenda
AND EXISTS (SELECT 1 FROM umbali AS b
WHERE b.kutoka = umbali.kwenda
AND b.kwenda = umbali.kutoka);

ASHA: Kwa anayetusikiliza akiwa kwenye daladala: futa mstari ambao mji wa kutoka unakuja nyuma ya mji wa kwenda kialfabeti, ilimradi uwepo mwingine wenye miji hiyohiyo iliyogeuzwa. Hiyo inakubali kwenye mifumo ya hifadhidata ya PostgreSQL na SQLite. MySQL itakurudishia kosa namba 1093, haitaki usome jedwali lilelile unalolifuta. Huko unaunganisha jedwali na lenyewe:

DELETE a FROM umbali a
JOIN umbali b ON a.kutoka = b.kwenda AND a.kwenda = b.kutoka
WHERE a.kutoka > a.kwenda;

JUMA: Halafu kuna jambo ambalo amri haiwezi kukuamulia. Nilikuta pacha mmoja ana 190, mwenzake 196. Alfabeti ndiyo ichague kilomita za kubaki? Hapana. Nilizitoa kwanza pacha zote zenye namba zisizolingana, nikampelekea anayeijua barabara.

ASHA: Na mimi nasisitiza hili, tafadhali: jiulize kama pacha hao ni kitu kimoja kweli. Umbali, sawa. Undugu, sawa. Lakini jedwali la miamala ya pesa, Asha kamtumia Juma, Juma kamtumia Asha? Hiyo ni miamala miwili. Ukifuta mmoja umefuta pesa ya mtu.

JUMA: Hata nauli, dada. Kwenda na kurudi inaweza isifanane.

ASHA: Na zisirudi tena unazizuiaje?

JUMA: Kwenye PostgreSQL naweka faharasa ya kipekee:

CREATE UNIQUE INDEX ON umbali (LEAST(kutoka, kwenda), GREATEST(kutoka, kwenda));

LEAST inachukua mji wa mbele kialfabeti, GREATEST wa nyuma, kwa hiyo mtu akiingiza Moro–Dar wakati Dar–Moro ipo, anakataliwa palepale. Kama kuna mstari uleule uliorudiwa bila kugeuzwa, usafishe kwanza, maana faharasa haitaundika. Na "tanga" kwa herufi ndogo itapenya, kwa hiyo sawazisha majina kabla.

ASHA: Na kabla ya DELETE yoyote, badilisha neno hilo liwe SELECT * (kwa ile ya MySQL, DELETE a iwe SELECT a.*), utazame kwa macho mistari itakayoondoka.

JUMA: Kisha BEGIN, futa, hesabu. Idadi ikikushangaza, ROLLBACK, inarudisha ulivyofuta; ikiwa sawa, COMMIT.

ASHA: Ile Tanga–Arusha uliipata?

JUMA: Niliitoa kwenye bekapu ya usiku uliotangulia. Ilikuwepo, na kilomita zake.