Mchanga Uliooshwa Ni Sahani Tupu
Mhadhara kuhusu kufuga sarafu-mchanga nyumbani, kama ulivyotolewa Raskazone, Tanga

Wazee wangu, na ninyi vijana mliotoka Sahare, Mnyanjani na Mwambani, sitaeleza namna ya kufunga pampu wala kujaza tangi maji ya bahari, kwa kuwa wengi wenu mnafuga samaki wa mwambani na mnayajua hayo vizuri. Nimekuja kwa ajili ya mnyama mmoja, yule bapa wa duara ambaye Wamarekani humwita dola ya mchanga na mimi humwita sarafu-mchanga. Nimelisema neno hili kila nilipopewa nafasi, na nitalirudia maadamu wanyama hawa wanaendelea kufa majumbani mwetu: sarafu-mchanga aliyewekwa tangini mara nyingi hafi kwa maradhi, hufa kwa njaa, na njaa hiyo humla polepole kwa wiki nyingi huku mwenye tangi akiamini kwamba mnyama wake ni mzima.

Wa kwanza nilimuua mimi mwenyewe. Ilikuwa siku za bamvua, maji yamekupwa mbali, nami nikamkuta kwenye fungu la mchanga amejifukia kiasi cha unene wa kidole, ameacha juu yake alama hafifu ya duara. Hakuwa mweupe kama wale mnaowaona wakiuzwa kwa wageni, kwa sababu kile cheupe ni gamba la chokaa linalobaki mnyama akishakufa na kupaushwa na jua. Huyu alikuwa na rangi ya zambarau iliyokoza, amefunikwa miiba mifupi sana iliyolala kama mahameli, na upande wa nyuma alikuwa na yale matundu mawili marefu ambayo wengi wenu mmeyaona. Nilimchukua katika ndoo kwa furaha kubwa. Nyumbani nilikuwa nimemwandalia mchanga mweupe niliouosha kwa maji ya bomba mara saba, hadi maji yakatoka maangavu, nikauanika juani siku mbili, kisha nikautandaza tangini kwa unene wa vidole viwili.

Usiku wa kwanza alijifukia, nami nikalala nimetulia. Baada ya siku chache akaanza kutembea juu ya mchanga, akifika kwenye kioo anageuka, akifika upande wa pili anageuka tena, mchana na usiku, nami nikawaita majirani waje kumtazama jinsi alivyochangamka. Wiki ya tano miiba ikaanza kupukutika kwa mabaka. Asubuhi moja nilimgeuza tumbo juu na sikuona hata mguu mmoja ukicheza. Nilipima maji yale: chumvi ilikuwa sawa, amonia, ile sumu itokanayo na kinyesi na uozo, haikuwapo, joto lilikuwa lile lile la siku zote. Ndipo nikarudi kwenye fungu nilikomtoa, nikachota mchanga wa juu kwa kiganja na kuusugua kwa kidole gumba. Ulikuwa na utelezi, na rangi ya kahawia iliyobaki mkononi.

Utelezi ule ndio chakula chake. Ni diatomu, yaani mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, pamoja na bakteria na mabaki ya viumbe yaliyogandamana na chembe za mchanga. Mnyama huyu ana kinywa chini, katikati ya tumbo, chenye taya tano, na miguu midogo laini ya upande huo huokota chembe na kuzipitisha katika vifereji vinavyoelekea kinywani. Yule wangu hakuwa akichangamka, alikuwa akitafuta. Mchanga niliouosha mara saba nilikuwa nimeuondolea kila kitu alichoweza kula.

Najua swali linalokuja, kwa sababu huulizwa kila mara: kwa nini tusimtupie chakula cha samaki? Jamani, kinywa kiko chini! Chakula kikitupwa juu yake kitaliwa na kamba na samaki, au kitaoza na kuchafua maji. Unaweza kusaga mwani mkavu uwe unga laini, ukaupuliza kwa mrija ndani ya mchanga karibu naye, na hilo humsaidia, lakini halichukui nafasi ya mchanga wenye uhai. Wapo pia wanaosema kwamba bahari iko hapa, akifa tutachukua mwingine. Kauli hiyo hunikera kuliko zote. Sarafu-mchanga wa jamii nyingi huishi miaka kadhaa, na wengine hufikia 6 hadi 10. Huwezi kumfanya ua la mezani la wiki tano. Na ndani ya hifadhi za bahari, kama hii yetu ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyoanzishwa mwaka 2009, kiumbe hachukuliwi bila kibali.

Basi anayemtaka kwa dhati aanze na mchanga na amwache mnyama baharini kwanza. Chembe ziwe laini, si vipande vya matumbawe vinavyomkwaruza. Kina kiwe sentimita 10 au zaidi. Tangi liwe pana badala ya kuwa refu kwenda juu, kwa maana anaishi kwa eneo la sakafu. Liache lifanye kazi miezi sita, na ikiwezekana mwaka mzima, chini ya mwanga, hadi mchanga ugeuke rangi. Tangi la nyumbani lisilozidi mita moja na nusu litamtosha mmoja tu, na mkiniomba wawili nitakataa.

Muda umenibana, hivyo mengine nayapitia kwa haraka. Maji yawe na chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita, na msichote wakati wa masika karibu na mito ya Zigi na Mkulumuzi inapomwaga, kwa kuwa mnyama huyu, kama jongoo bahari na kiti cha pweza, hana uwezo wa kurekebisha chumvi ya mwili wake. Mzoesheni maji ya tangi kwa kumtoneshea tone kwa tone, saa kadhaa. Dawa ya samaki yenye shaba humuua. Samaki kama kikande na bunju wasikae naye kabisa, watamtafuna.

Hapa mezani pana mabakuli mawili. La kulia lina mchanga niliouosha jana, la kushoto lina mchanga wa tangi langu la miaka minne. Piteni mmoja mmoja mguse yote mawili, na anayeanza tangi lake mwezi huu achukue kikombe kimoja kutoka bakuli la kushoto, autandaze juu ya mchanga wake mpya, asiuoshe.