Unywele Huu Aliuchonga Nani?

Ndugu zangu, itazameni tena picha hii, iliyochapwa kwa mbao zilizochongwa. Huyu ni Ōtani Oniji wa Tatu, mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, wa Edo, mji ambao sasa ni Tokyo. Mwaka ni 1794. Anaigiza Edobei, mtumishi mwovu aliyetumwa kupora fedha. Tazameni vidole vilivyotanuka, vinachomoza kifuani kama makucha. Nikiuliza nani kaitengeneza, ukumbi mzima utajibu: mchoraji Sharaku. Jibu hilo halitoshi.

Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka. Sharaku alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, basi. Karatasi ikabandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mti wa cheri, fundi akachonga akipitisha kisu juu yake, na mchoro ukaishia humo humo. Anayeniuliza mchoro wa asili uko wapi, namjibu: uliondoka na vumbi la mbao.

Sogeeni hapa, pembeni ya paji la uso. Kila unywele mnaouona ulikuwa ukuta mwembamba wa mbao, uliobaki umesimama baada ya kisu kupita kushoto na kulia. Kisu kikiteleza, unywele umekatika. Ndiyo maana kichwa hakikuachiwa mwanagenzi. Yeye alipewa kuchonga nguo.

Mtaniambia wazo lilikuwa la Sharaku. Sawa, silikatai. Ila someni sahihi yake: “Tōshūsai Sharaku ga”. Hilo “ga” maana yake “amechora”. Mwenyewe hakudai zaidi, sisi ndio tunamwongezea! Na karibu na sahihi kuna alama ya mchapishaji, Tsutaya Jūzaburō: mlima juu ya jani. Mkaguzi aliyeidhinisha picha kuchapwa naye kagonga muhuri wake. Hata mkaguzi! Mchongaji hana hata nukta. Wala mchapaji, aliyetandaza ulanga, unga wa madini yanayong'aa, ukatoa weusi huu unaometa nyuma ya kichwa, hana.

Karne ya 19 mambo yalibadilika kidogo. Kwenye baadhi ya picha za mchoraji Kunisada utalikuta jina la mchongaji, Yokokawa Takejirō.

Basi ombi langu kwa wenye makumbusho ni mstari mmoja tu kwenye kibao, chini ya jina la Sharaku: “Mchongaji na mchapaji: majina hayakuandikwa.”