Huruma Iliyokuwa na Bei: Cajamarca hadi Vitcos

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, asanteni. Ukatili wa Wahispania kule Peru unajulikana. Leo naomba tuitazame huruma yao, maana nayo ilikuwapo, na mimi ndiyo inayonisumbua zaidi.

Tarehe 16 Novemba 1532, Francisco Pizarro na watu wake 168 walimvamia Atahualpa, Inka, yaani mtawala wa dola la Wainka, katika uwanja wa mji wa Cajamarca. Wafuasi wake waliuawa kwa maelfu kabla ya usiku kuingia. Atahualpa hakuguswa. Pizarro mwenyewe alimkinga, hata akajeruhiwa mkono na upanga wa askari wake. Utasema, kumbe alikuwa na utu! Ngoja kwanza.

Mateka aliahidi kujaza chumba kimoja dhahabu, kisha fedha mara mbili. Misafara ikaja miezi kwa miezi, vyombo vya mahekalu vikayeyushwa: takriban tani 6 za dhahabu na tani 12 za fedha. Alipokwisha kulipa, akawa mzigo. Ukazuka uvumi kwamba jeshi lake linakuja. Hernando de Soto, mmoja wa makapteni wa Pizarro, akatumwa kuchunguza, asilione jeshi lolote, na aliporudi akakuta Inka ameshauawa. Hiyo ni 1533.

Hukumu ilikuwa achomwe moto akiwa hai. Padri Vicente de Valverde akamwambia: ukibatizwa, utanyongwa tu. Kwa Wainka, maiti ya mtawala ilikaushwa na kutunzwa, ikavishwa na kulishwa kama mtu hai. Kuugeuza mwili majivu kulikuwa kumfuta kabisa. Atahualpa akakubali ubatizo, akanyongwa. Waliokuwapo waliiona hiyo kuwa huruma. Nami siwezi kusema haikuwa na thamani kwake. Lakini tazameni nani aliyewasha moto ule.

Wala tusimpambe marehemu. Akiwa kifungoni aliagiza auawe nduguye Huascar, waliyegombania naye kiti cha enzi, na majemadari wake walikuwa wamechinja jamaa za Huascar huko Cusco, mji mkuu wa Wainka. Ndiyo maana wengi wa Cusco waliwapokea Wahispania kama wakombozi.

Mfalme wa Wahispania, Karolo wa Tano, alichukizwa: mfalme mwenzake kuuawa, tena kwa jina la sheria! Hata hivyo sehemu yake ya tano ya dhahabu hakuirudisha, na Pizarro akabaki gavana.

Sasa mtazameni Manco Inka, nduguye Atahualpa, aliyetawazwa na Wahispania kisha akawaasi. Mwaka 1539 Pizarro alimuua mke wa Manco, Cura Ocllo, kwa mishale. Manco alikuwa na kila sababu ya kuwachukia Wahispania wote. Lakini baada ya kundi la Almagro, Wahispania waliokuwa mahasimu wa Pizarro, kushindwa vitani mwaka 1542, wakimbizi wao wachache walifika kwake Vitcos, maficho yake milimani, akawapa makao na chakula, akawa anacheza nao. Hao ndio waliomchoma visu katikati ya mchezo, wakitumaini kwamba kichwa chake kitawanunulia msamaha kwa wakubwa wao.

Tukio hilo tunalijua zaidi kwa sababu ya mwanawe, Titu Cusi, aliyekuwa mtoto na akajeruhiwa siku ileile. Mwaka 1570 alisimulia, yakaandikwa. Wauaji hawakufika mbali. Watu wa Manco waliwafuata wakawaua, na baadhi yao waliteketea kwa moto.

Naona mikono imeshanyooshwa. Karibuni maswali.