Kliniki Inayoitwa Msitu wa Mishmishi

ZUHURA: Haya wapendwa tumerudi, mi ni Zuhura, na Beka yupo hapa. Leo kasema ana stori ya jina la kliniki. Jina tu! Kaka, hiyo itatufikisha wapi?

BEKA: We subiri dada. Kuna jina wanalipenda sana wenye kliniki za dawa za Kichina, Xinglin. China limejaa mitaani. Maana yake msitu wa mishmishi, yale matunda ya aprikoti.

ZUHURA: Mi ningejua wanauza juisi bwana.

BEKA: Haha. Sa sikia. Karne ya 3, enzi ya Falme Tatu, kulikuwa na tabibu anaitwa Dong Feng, anakaa mlima Lushan, huko ambako leo ni jimbo la Jiangxi. Inasimuliwa alikuwa anatibu watu na hachukui hela hata senti, ila ukiwa uliumwa sana ukapona unapanda miti mitano ya mishmishi, ukiwa uliumwa kidogo unapanda mmoja, basi, mmemalizana.

ZUHURA: Ngoja ngoja, rudia hapo. Anapanda akishapona?

BEKA: Akishapona.

ZUHURA: Yaani asiyepona hadaiwi? Aisee. Huku kwetu unalipia kumuona daktari kabla hata hujaiona sura yake, alafu upone usipone hiyo juu yako.

BEKA: Ndo maana nikasema stori ipo. Miaka ikaenda, miti ikafika zaidi ya laki moja.

ZUHURA: Hapo wametia chumvi.

BEKA: Chumvi ipo na bado simbamarara hawajafika. Matunda yakaiva, jamaa akajenga ghala humo humo msituni akatangaza, anayetaka mishmishi asije kunisumbua, amwage nafaka chombo kimoja achukue matunda chombo hicho hicho aende zake. Hakuna muuzaji hakuna mlinzi. Sasa wapo wajanja wa kuweka nafaka kiduchu wabebe matunda mengi, hao simbamarara wanatoka wananguruma wanawafukuza, mtu anakimbia matunda yanamwagika njiani, akifika kwake akipima yaliyobaki yanalingana sawasawa na nafaka aliyoacha.

ZUHURA: Na mwizi kabisa, asiyeweka kitu?

BEKA: Huyo anafuatwa mpaka nyumbani anang'atwa anakufa. Ndugu zake wanarudisha matunda wanaomba radhi, Dong Feng anamfufua.

ZUHURA: Eh! Na anafufuliwa bure?

BEKA: Ya miti hawajaandika hapo. Ila nafaka zote alikuwa anawapa maskini na wasafiri walioishiwa njiani. Kwahiyo ukiita kliniki yako Xinglin hujachagua jina la maua, umetaja namna ya kulipwa. Mpaka leo Wachina wakimshukuru daktari wanampelekea bendera nyekundu imeandikwa masika yamepata joto kwenye msitu wa mishmishi, anaitundika ukutani.

ZUHURA: Na chini ya bendera kuna kaunta ya keshia.

BEKA: Kodi ya pango hailipwi kwa miti dada, mi siwalaumu. Ila mwenye jina hilo akikuuzia mifuko ya dawa usiyoihitaji, hapo kalitia aibu jina la watu.

ZUHURA: Hilo nakubali.

BEKA: Alafu kuna hii ambayo ndo naipenda kuliko zote. Stori ya Dong Feng tunaipata kwenye maandishi ya Ge Hong, msomi wa karne ya 4. Huyo huyo Ge Hong ana kitabu cha tiba za dharura, humo kwa homa za vipindi anasema chukua mmea wa qinghao, jamii ya pakanga, konzi moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Mwanasayansi wa China Tu Youyou, aliyekuwa anatafuta dawa ya malaria, akasoma hapo akashtuka, mbona hajasema chemsha? Kumbe moto ndo ulikuwa unaharibu dawa, akabadilisha njia akatumia joto dogo, mwaka 1971 ikamkubali, 2015 akapata Nobel.

ZUHURA: Subiri, hiyo si ndo dawa mseto?

BEKA: Ndo yenyewe. Vile vidonge vya njano, vinne vinne mpaka 24 viishe, kati ya dawa mbili zilizomo, moja imetokana na huo mmea.

ZUHURA: Basi kwa malaria zangu za utotoni ningekuwa na shamba zima Lushan. Na hayo mishmishi yenyewe ni dawa?

BEKA: Kokwa yake, ile ya ndani chungu, wanaitumia kwa kikohozi. Ila wasikilizaji msije mkatafuna kama korosho! Ina kitu kikifika tumboni kinatoa sianidi, sumu kabisa hiyo, wao wanaiandaa kwanza na wanapima kidogo sana.

ZUHURA: Mmesikia? Tunda kuleni, kokwa tupeni, na mwenye mtoto mdogo aziokote mwenyewe asimwachie achezee.