Kijiwe Ndani ya Jino

Karibuni tena. Gego linalozunguka kwenye kisahani nimelikata katikati jana. Lishikeni, halinuki. Juu mna ganda jeupe gumu, chini yake dentini ya manjano, na katikati kabisa shimo. Kinywani mwenu shimo hilo si tupu: limejaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoingilia kitundu kidogo kwenye ncha ya mzizi. Ndicho kiini cha jino. Jino likikuamsha saa nane usiku, anayelia ni huyo.

Sasa angalieni ukuta wa shimo. Mnaona kipunje cha rangi ya asali? Hicho ni kijiwe cha kiini. Si ugaga, na mswaki haukifikii, maana kila mwaka lazima mtu aniulize. Kimejengwa humo humo, chokaa ikijipanga tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Vingine vimeundwa kwa dentini yenyewe. Huonekana zaidi kwenye magego na kwa watu wazima. Jino lililotoboka siku nyingi au lililozibwa zamani nalo hupenda kuvifuga.

Mgonjwa akija analalamika, na eksirei ikaonyesha doa jeupe katikati ya jino, msikimbilie kusema jiwe ndilo linalouma. Watu wanazeeka navyo bila habari. Tafuteni tundu, tafuteni ufa, gongeni na meno ya jirani, jaribuni baridi. Mimi niliwahi kukilaumu kijiwe nikalifungua jino la mama wa watu, kumbe bovu lilikuwa la nyuma yake.

Anayesumbuliwa na kijiwe ni sisi tunaotibu meno. Unafungua gego utibu mizizi, chenyewe kimekalia midomo ya mifereji inayoshuka ndani ya mizizi. Kumbukeni rangi: sakafu ya kweli ya shimo ni ya kijivu, imekoza kuliko kuta. Ukiona sakafu ya manjano inayong'aa, hujafika. Usizidi kuzamisha keekee, utatokea upande wa pili kwenye mfupa. Chokonoa pembeni kwa ncha ya ultrasoniki, ile inayotetemeka kwa kasi, taratibu, mpaka kitikisike. Na msitegemee maji ya klorini. Hayo huyeyusha nyama, chokaa hayaiwezi.

Haya, rudisheni kisahani. Mbona kijiwe hakipo? Nani amekibandua?