Mweusi Si Jina la Ndege
(Mhadhara uliotolewa kwa watazamaji ndege, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Waliokuwepo mwaka jana watanivumilia, maana hili nimelisema sana na leo nalisema tena. Mtu akiniletea picha yenye ukungu akaniuliza, "Mwalimu, ndege mweusi huyu ni nani?", sina la kumjibu. Weusi ni wengi. Niambie jicho lake lilikuwa la rangi gani. Niambie mkia uliishaje. Niambie alikuwa anafanya nini.

Kunguru tumwache. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akavuka bahari, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu mitaani kote. Huyo mnamjua, na ananiudhi vya kutosha siku nyingine.

Nataka niwapeleke Pugu, msituni nje kidogo ya Dar es Salaam, asubuhi moja ya Juni, kipupwe, umande bado majanini. Tulikuwa watu saba. Ukingoni mwa msitu akatua ndege mweusi tititi, ukubwa wake kama shore. Kijana mmoja anayeongoza watalii akasema, "Mramba," akaandika kwenye daftari, akageuka aendelee na safari. Nikamshika mkono.

Mramba hukaa wapi? Hukaa kwenye tawi tupu, mahali pa wazi, ili aonekane. Anaruka, anadaka mdudu hewani, anarudi palepale. Nyasi zikiungua utamkuta pembeni mwa moto, anasubiri panzi wanaokimbia. Mkia wake una panda kama wa samaki, na mramba aliyekomaa ana jicho jekundu kama kaa la moto. Kipanga akipita anga yake, anamfuata na kumdonoa mgongoni mpaka atokomee.

Huyu wetu alikuwa ndani ya majani. Ananyata tawi hadi tawi, kimya, anachungulia chini ya kila jani, halafu anatoka na kiwavi mdomoni. Mkia umeviringa mwishoni. Jicho jeusi. Sasa mramba gani huyo?

Dada mmoja akasema basi atakuwa mkamata nzi mweusi, yule Melaenornis pammelaina. Hoja nzuri! Huyo ana jicho jeusi kweli, na mkia hauna panda. Lakini yeye hukaa tawi la chini akatazama ardhini, akashuka kuokota mdudu wake. Hafanyi kazi ya kupekua majani. Nikawaambia tukae. Tukakaa, na siafu wakatukuta hapo hapo, mmoja akahama, wengine tukavumilia. Baada ya kama dakika arobaini ndege akageuka, jua likampiga usoni, na wote tukaona pembe za mdomo wake: zimevimba, njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji. Kisha akatua mwenzake kwenye tawi lilelile, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe lenye mistari myeusi, kingo za mabawa njano. Jike lake. Ukiwaweka hao wawili mezani, asiyewajua ataapa ni ndege wa aina mbili. Wataalamu humwita Campephaga flava. Yule kijana akafuta "mramba", na tangu siku ile ndiye anayewashika wenzake mkono.

Na msiniambie mmesoma kwamba dume ana doa la njano begani. Wengine wanalo, wengine hawana kabisa. Wa Pugu hakuwa nalo. Mngesubiri doa, mngemkosa.

Kuna anayesema moyoni, huyu mzee anatuchosha, simu yangu ina programu, naisikilizisha sauti, inanipa jina. Haya. Mramba huiga sauti za ndege wengine. Huko jangwa la Kalahari watafiti wamemwona akipiga mlio wa hatari wa uongo, wanyama wakakimbia, yeye akashuka kuchukua chakula walichokiacha. Anayewadanganya wanyama waliozaliwa naye porini, simu yako itamshinda wapi? Na yule wa Pugu aliyekaa kimya muda wote, programu ingesikiliza nini?

Nilitaka kumzungumzia mramba wa msituni, Dicrurus ludwigii, ambaye ni mdogo na panda ya mkia wake ni kidogo sana, huwezi kuiona bila utulivu. Na kuzi mwenye tumbo jeusi, ambaye kivulini hana mng'aro wowote, mpaka uone jicho lake la njano. Mwenyekiti ananionyesha saa, nimemwona.

Jumamosi tunakutana Pugu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njooni na darubini, daftari na penseli, kwa kuwa wino haushiki kwenye karatasi yenye umande. Viatu vifunike vifundo, siafu bado wako palepale. Simu zibaki mfukoni mpaka saa mbili.