Sinza kwa Remmy, ni kwa nani?

BENO: Haya tupo hewani. Mwana, leo naomba nianze mimi, kuna kitu kimenikaa kooni toka Jumanne.

MWANAIDI: Salamu kwanza Beno, watu hawajasalimiwa.

BENO: Salamu jamani, hamjambo, wakubwa shikamooni. Sasa. Jumanne natoka Mwenge naenda kwa dada, gari bado iko kwa fundi ile habari ya wiki iliyopita mnaijua, basi nikapanda daladala. Jioni, imejaa, nimesimama mlangoni na konda. Konda anaita, kwa Remmy, kwa Remmy wapo? Dogo mmoja wa sekondari, yunifomu yake safi kabisa, anamuuliza mwenzie, hivi Remmy ndo nani? Mwenzie anasema ndo mwenye lile ghorofa. Konda anasema hapana, alikuwa na gereji hapo zamani. Mama mmoja kakaa nyuma ya dereva akasema huyo alikuwa mganga. Mwana, daladala nzima imejaa hadi mlangoni, hakuna hata mtu mmoja aliyesema mwanamuziki!

MWANAIDI: Na we ulisema?

BENO: Nilisema ndiyo! Nikawaambia ni Dokta Remmy Ongala, wa bendi ya Super Matimila, alikuwa anaishi hapahapa Sinza, dogo akaniangalia nywele afu akasema, ooh, baba yako?

MWANAIDI: (anacheka) Kwa rasta hizo dogo hana kosa. Ila na yule mama naye hajapotea sana bana.

BENO: Hajapotea vipi?

MWANAIDI: Si ile hadithi ya kuzaliwa kwake. Remmy kazaliwa 1947 huko Kindu, Kongo, mama yake alishafiwa na watoto kabla yake, ndo mganga akamwambia huyu ukamzalie porini na nywele zake usizikate. Afu mtoto katoka na meno mawili ya mbele tayari. Kule hiyo ni dalili, mtoto huyo anahesabiwa mganga toka siku ya kwanza. Hilo jina la Dokta mnadhani lilitoka chuo gani?

BENO: Sawa, lakini mama wa daladala hakumaanisha hivo. Alimaanisha mganga wa kibao, wa kupigilia kwenye nguzo ya umeme. Afu nilivyoshuka nikaanza kufikiria hii kitu ya vituo, ndo nataka tuongelee leo...

MWANAIDI: Hapana Beno. Leo tulikubaliana tuna mambo matano ya kujifunza kwa Remmy, nimeyaandika, karatasi hii hapa.

BENO: Yatakuja. Nisikilize. Ile barabara inaitwa Shekilango, jina la waziri, limewekwa na serikali, sawa. Ila kituo kinaitwa kwa Remmy. Nani alikaa kikao akapitisha? Hakuna! Ni makonda na abiria tu. Sasa angalia wenzie, kwa Azizi Ali kule Mtoni, yule alikuwa mkandarasi, mzee wa mjini, majumba kajenga. Tandale kwa Mtogole. Mbezi kwa Msuguri. Manzese kwa Mfuga Mbwa...

MWANAIDI: Mfuga Mbwa hata jina hakupewa, kapewa shughuli yake.

BENO: Ndo namaanisha! Kwa Dar ukitaka watu wakukumbuke inabidi wawe wanashukia kwako. Na Remmy hakuwa na cheo, hakuwa na ghorofa, alikuwa na gitaa na nywele, na watu wakasema tushushe kwa Remmy. Mi hilo naliona kubwa kuliko nishani.

MWANAIDI: Kubwa wakati dogo hajui ni nani?

BENO: Mtogole we unamjua?

MWANAIDI: Simjui.

BENO: Basi!

MWANAIDI: Basi nini sasa, hapo umenisaidia mimi. Jina limebaki mtu kaondoka. Tusiende huko, ngoja niseme kilichonifanya nikubali kipindi hiki. Mnajua kazi yangu, nakaa na vijana kwenye kile chumba cha ushauri nasaha, wiki hii kaja binti anataka kuuliza kuhusu kondomu, kazunguka weee, mara hali ya hewa, mara mtihani, mwishoni ananiuliza huku anaangalia viatu vyake. Mwaka huu! Sasa rudi nyuma 1990. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walionekana Kagera 1983, kule watu wakauita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinatoka Uganda, maana walidhani umekuja na wafanyabiashara. Na wengine wakasema ni kurogwa tu. Watu wanakufa na hakuna anayetamka. Anatoka mtu mmoja na bendi ya dansi anaimba Mambo kwa Soksi, na soksi anazoimba si za miguuni, kila mtu kwenye ukumbi anajua.

BENO: Na Radio Tanzania hawakuupiga.

MWANAIDI: Hawakuupiga. Na muelewe maana yake wadogo zangu, bara hapakuwa na redio nyingine. Redio binafsi zimekuja 1994. Bendi nyingi zilikuwa zinarekodi palepale redioni, mashairi yanapita kwenye kamati yanasomwa kwanza, ukikataliwa pale umekataliwa nchi nzima. Remmy alilijua hilo na bado akautoa. Ukazunguka kwenye kumbi na kwenye kanda. Nyumbani kwetu tulikuwa nayo, kanda ya kurekodiwa kibandani, majina ya nyimbo yameandikwa na peni ya bluu, na huo wimbo haukuandikwa jina, palikuwa na mstari tu. Mjomba wangu ndo alikuja nayo.

BENO: Yule wa Bukoba.

MWANAIDI: Huyohuyo. Alikuja kuugua baadaye, na nyumba nzima ikasema kachezewa na jirani. Mpaka tunamzika inasemwa kachezewa. Mtu pekee aliyekuwa anasema ukweli mle ndani alikuwa kwenye redio kaseti, Beno. Mi nikiwa mtoto nasikiliza bila kuelewa, nimeelewa nikiwa chuoni. Ndo maana yule binti alivyoshindwa kutamka mi nilitamka kwanza, wazi kabisa, bila aibu, maana nina mtu wa kumwiga.

BENO: Hiyo hujawahi kuisema hapa.

MWANAIDI: Leo nimeisema.

BENO: Pole dada'angu.

MWANAIDI: Ahsante. Endelea na wewe, maana wewe Remmy wako ni wa nywele.

BENO: Si wa nywele tu bana. Mi Remmy wangu ni wa Sauti ya Mnyonge. Mtu kaja Dar 1978 kwa mjomba wake Mzee Makassy, akapiga na Orchestra Makassy, Makassy wakahamia Nairobi yeye akabaki akaingia Matimila, mgeni hana kwao hapa, na badala ya kuimba mapenzi matupu kama wengine anaimba maskini hana haki. Kwenye kumbi! Watu wamekuja kucheza wamelipa kiingilio na bia iko mezani afu anawaambia habari za kifo. Na wanacheza! Ile Kifo ukisikiliza magitaa yanavyoongea, moja linashika chini, lingine linajibu juu, jingine linapita katikati kama linamkatiza mwenzie, miguu haikai, huku mdomoni anamuuliza kifo kwa nini unawachukua wapendwa wetu. Watu wa WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia, wakamwita Ulaya 1988, mwaka unaofuata ikatoka albamu kwenye lebo ya yule mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, Songs for the Poor Man, afu albamu ya Mambo 1992, na kule Uingereza hakujifanya mtu mwingine, kapanda na rasta zake na Kiswahili chake, kaimba vilevile.

MWANAIDI: Na Kiingereza kidogo, kuna ule wa One World.

BENO: Kidogo. Na nywele nazo nisizipite, maana miaka ile rasta hapa ukionekana nazo we mvuta bangi, mhuni, kichaa. Wasikilizaji wanajua, mwezi uliopita kuna mahali nimeenda interviu, kila kitu kimeenda vizuri, mwisho mzee mmoja ananiuliza, na hizo utazikata lini? Nikamwambia sizikati. Kazi sijaitwa. Nilivyotoka pale nilikuwa na picha moja kichwani, lile kava la kanda, Remmy kaangalia kamera kama anakuuliza we una shida gani.

MWANAIDI: Na yeye alizikata.

(kimya)

BENO: Nilijua utafika hapo.

MWANAIDI: Lazima tufike. Aliugua, akapooza, baadaye akaokoka, akakata rasta, akaacha dansi akaimba injili mpaka amefariki, Desemba 13 mwaka 2010. Huyo naye ni Remmy.

BENO: Remmy wangu anaishia kabla ya hapo. Sisemi vibaya kuhusu dini, mama yangu mwenyewe ni mlokole na ananisikiliza, shikamoo mama. Ila mtu akiwa mgonjwa kitandani anakubali mengi. Wanaokuja kumuona ni walewale waliokuwa wanamwambia miaka yote kwamba anapotea. Safari hii hana nguvu ya kuwajibu. Basi.

MWANAIDI: We ulikuwepo pale kitandani?

BENO: Sikuwepo.

MWANAIDI: Sasa unamnyima mtu akili yake kwa sababu imeamua kitu wewe hukipendi. Miaka yote dunia nzima inamtaka awe Remmy wa dansi, wa rasta, na ndo ulaji wake ulipo. Anawaambia hapana, mi sasa naimba hiki. Mashabiki wanalia, watu wanamcheka, haogopi. Kwangu mimi huyo ni yuleyule wa soksi. Hafanyi unachotaka wewe.

BENO: Hapana. Wa soksi alikwenda kinyume na kamati, na redio, na wakubwa. Kuokoka Dar es Salaam unakwenda kinyume na nani? Kila mtaa una kanisa na spika! Hapo alikwenda na upepo.

MWANAIDI: Upepo wa nani? Wa wale wazee wa dansi waliosema kaharibikiwa?

BENO: Mwana, mi nimekosa kazi kwa ajili ya hizi nywele.

MWANAIDI: Najua. Na sisemi uzikate. Ila unamtaka Remmy asimame palepale milele ili wewe usijisikie uko peke yako, na hiyo si haki kwa marehemu.

BENO: Mimi sikubali. Ukimchukua mtu kama mfano unachukua kile alichosimamia, hubebi na siku zake za ugonjwa.

MWANAIDI: Na mimi sikubali. Wewe umechukua picha ya kava. Mi nimechukua mtu mzima, na mwisho wake.

BENO: Basi tutakaa hapa mpaka asubuhi.

MWANAIDI: Tukae.

(kimya)

BENO: Unajua kuna kituo kinaitwa Argentina?

MWANAIDI: Beno!

BENO: Manzese pale! Na Sinza kuna Palestina. Nchi nzima inapewa kituo kama Mfuga Mbwa.

MWANAIDI: (anacheka) We mtu... Na kuna Afrika Sana. Mi toka mtoto najiuliza hiyo Afrika Sana.

BENO: Na Kumekucha. Na Tip Top. Sasa ona, kuna vituo vya watu, vituo vya nchi, vituo vya baa, vituo vya vitu kama Mapipa kule Magomeni, na Rangi Tatu kule Mbagala. Ukiangalia wa muziki ni Remmy, wengine siwaoni. Mbaraka Mwinshehe hana kituo, Marijani hana, Bi Kidude...

MWANAIDI: Bi Kidude ni wa Unguja, usimlete kwenye daladala za Sinza. Ila Marijani kweli. Marijani Rajab alistahili kituo.

BENO: Kingekuwa wapi?

MWANAIDI: Kariakoo. Gerezani hapo.

BENO: Hapana, Kariakoo jina jipya halishiki, pamejaa. Ungempa huku nje, Goba, Madale, huko vituo bado vinazaliwa. Na ndo ninachosema, ukitaka kumheshimu mtu usisubiri serikali, panda daladala kila siku afu mwambie konda nishushe kwa fulani. Mwezi wa kwanza atakucheka. Mwezi wa tatu na yeye anaita.

MWANAIDI: Hilo nimelipenda. Ila konda akiulizwa ni nani huyo, ajue kujibu.

BENO: Hapo sasa ndo kazi yetu hii.

MWANAIDI: Jamani, mwenye studio ananionyesha vidole hapa dirishani. Dakika ngapi? Tatu. Na karatasi yangu sijasoma hata mstari mmoja!

BENO: Soma harakaharaka.

MWANAIDI: La kwanza, imba unachokijua hata kama kamati imekataa. La pili ni habari ya kulipa wanamuziki wenzio, hapo nilikuwa na mengi... siwezi dakika tatu. Basi yaacheni. Semeni tu wimbo wa kuanza nao kwa ambao hawajawahi kumsikia kabisa.

BENO: Kifo. Wote ule, usiruke, na usikilize kwa spika si simu, uipate besi.

MWANAIDI: Mi nasema Muziki Asili Yake Wapi. Ukianza na Kifo mtu atadhani ni wa misiba.

BENO: Si ndo uzuri wake!

MWANAIDI: Beno, dakika moja. Halafu yule dogo wa sekondari alishukia wapi?

BENO: Sijui, mi nilishuka kabla. Ila nilimuandikia jina la wimbo kwenye daftari lake, ukurasa wa nyuma kwenye jedwali la kuzidisha, nikapigia mstari.

MWANAIDI: Wimbo gani?

BENO: Kifo.

MWANAIDI: Mungu wangu. Haya mama yake asije akatutafuta. Kwaherini jamani, tukutane wiki ijayo tukijaliwa, na Beno atakuja na gari.

BENO: Fundi kasema Ijumaa.